Misuli ya mwenye uzito mkubwa: anzia jikoni

Wengi wanaokuja kwangu hapa Mwanza wanaamini mtu mnene ana misuli ya kutosha. Sivyo. Mafuta yakizidi hujipenyeza hadi ndani ya misuli, insulini hushindwa kufanya kazi yake sawasawa, na nguvu hupungua huku mizani ikipanda. Viambata kadhaa vya mimea vimeonekana kutuliza madhara hayo, ila ushahidi mwingi bado ni wa panya wa maabara. Kwa hiyo nashauri sufuria, si vidonge.

1. Pima miguu. Kaa kwenye kiti imara, mikono kifuani, simama na kuketi mara 5. Ukizidisha sekunde 15, nguvu imepungua. Andika, upime tena baada ya miezi 3.

2. Kitunguu chekundu kina kwasetini, mojawapo ya viambata hivyo vya mimea, na nyingi imo tabaka za nje. Menya ganda kavu tu. Ile tabaka ya kwanza yenye maji, hata ikiwa ngumu kidogo, iingie kikaangoni. Ukikichemsha, mchuzi wake usimwage.

3. Mgagani. Hapa ndipo tunapopoteza zaidi. Tunauchemsha, tunamwaga maji ya kijani, tunachemsha tena hadi uchungu uishe, na viambata vinaondoka na maji hayo. Mgagani una viambata viitwavyo glukosinoleti, kama kabichi. Uchemshe mara moja kwa maji machache, kisha tia karanga za kusaga: uchungu unatulia bila kumwaga kitu. Kabichi nayo ikatekate, iache nusu saa ndipo uibandike, maana kimeng'enya, yaani protini inayobadili glukosinoleti kuwa viambata vyenye kazi mwilini, huanza kazi kabichi ikikatwa, na hufa kwa moto.

4. Manjano hufyonzwa kwa shida. Itie kwenye mafuta pamoja na pilipili manga.

5. Weka dagaa. Majani peke yake hayajengi misuli. Inahitaji protini, na dagaa wa soko la Mwaloni hapa Mwanza wanayo tele. Chagua waliokaushwa kwenye vichanja, wasio na mchanga.

6. Itumikishe misuli. Zoezi lile la kiti lifanye siku 2 au 3 kwa wiki. Anayekaa milimani Igogo au Mabatini apande kwa miguu, taratibu, akipumzika njiani. Bila hatua hii, zilizotangulia zina faida ndogo sana kwa misuli.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongeze mboga za majani ghafla kabla ya kumwambia daktari wake. Na vidonge vya manjano viache dukani: vimewahi kuumiza maini ya watu.