Kabla ya kumpendekezea mwenzako riwaya
Kabla hujamtajia msomaji mwenzako riwaya unayoipenda, muulize kwanza ni ipi aliyoishia njiani na aliiachia wapi, kwa kuwa jibu hilo hueleza ladha yake kuliko orodha ndefu ya vitabu vilivyomfurahisha. Aliyechoshwa na kurasa 50 za maelezo ya mandhari hatavutiwa na masimulizi ya taratibu, hata lugha yake iwe tamu kiasi gani. Kisha mweleze msimulizi ni nani na hadithi inashika kasi wapi, bila kugusa mwisho wake. Mimi huchomeka kikaratasi kwenye ukurasa ulioninasa na kumwomba ausome huo mmoja tu, papo hapo. Akifunua wa pili bila kuambiwa, ninamwachia kitabu, nami ninamwomba cha kwake.