Ukienda kukagua chuo cha uhandisi: maswali ya kuuliza, na wa kumuuliza

Kila mwaka mwezi wa Julai mabanda ya vyuo vikuu hujaa viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Nenda, chukua vipeperushi, ongea na watu. Ila banda halina mashine ya kuvunjia zege, halina karakana, na aliyekaa pale ametumwa kukuvuta. Kama unataka kusoma uhandisi kwa miaka minne, tenga siku moja ukakione chuo chenyewe.

Mimi ni mhandisi ujenzi. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, PT, hunijia saiti kutoka vyuo mbalimbali, na wiki ya kwanza haijaisha nimeshajua nani alishika vifaa na nani aliandika ripoti ya maabara kwa kunakili ya mwenzake. Tofauti hiyo mara nyingi haitokani na akili ya mtoto. Inatokana na alikosoma. Kwa hiyo kanuni yangu ya ukaguzi ni moja: uliza maswali ambayo mtu hawezi kuyajibu bila kukuonyesha kitu.

Hatua ya 1: Kabla hujatoka nyumbani

Pakua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Hutoka kila mwaka, mmoja kwa waliomaliza kidato cha sita na mwingine kwa wenye stashahada. Tafuta kozi yako kwa jina lake kamili, uone sifa za kujiunga, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Kozi nyingi za uhandisi zinataka ufaulu wa Hesabu na Fizikia, na baadhi zinaongeza Kemia. Kama kozi uliyoisikia mtaani haimo kwenye mwongozo, usipoteze nauli.

Jambo la pili wengi hulisahau: Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. TCU inakihusu chuo na kozi, ERB inakuhusu wewe baada ya kuhitimu. Shahada peke yake haikufanyi mhandisi mbele ya sheria. Unasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, unafanya kazi chini ya usimamizi kwa miaka isiyopungua mitatu, ndipo unaomba kuwa mhandisi mtaalamu. Hivyo kabla ya safari, piga simu ERB au uwaandikie, uulize: wahitimu wa kozi hii, ya chuo hiki, mnawasajili katika daraja gani? Jina la kozi linaweza kuwa na neno "uhandisi" au "teknolojia" ndani yake na bado lisikupeleke kwenye daraja unalolifikiria.

Wenzetu wa Kenya wanalijua jambo hili kwa machungu. Kule masomo ni miaka mitano, na zaidi ya wahitimu mia moja walimaliza vyuo kisha bodi ya wahandisi ikakataa kuwasajili kwa sababu haikuzitambua kozi zao. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu mwaka 2018. Hebu fikiria umeshika cheti mkononi na miaka inapita ukiwa mahakamani. Simu moja leo ni nafuu mno.

Chagua siku. Chuo kilichofungwa hakina cha kukuonyesha. Kwa mwanafunzi wa kidato cha tano, likizo ya Juni ni wakati mzuri sana, maana vyuo vingi huwa bado viko katika muhula wa pili. Ukisubiri umalize kidato cha sita, kuna mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, na ukirudi dirisha la maombi limeshafunguliwa na kila mtu ana haraka. Andika barua pepe kwa mkuu wa idara, si kwa udahili peke yake, useme unaomba kuona maabara siku ya kazi, asubuhi. Idara ikikujibu kwa ukarimu, hiyo nayo ni taarifa.

Hatua ya 2: Ofisi ya udahili, dakika ishirini zinatosha

Hapa uliza mambo ya karatasi na uondoke. Ada kamili ni kiasi gani, ukijumlisha usajili, mitihani, kitambulisho, bima na gharama za kitivo? Omba karatasi yenye mchanganuo. Mtaala unaofundishwa sasa ulipitiwa mwaka gani? Hosteli wanapewa nani, na mwaka wa pili ukikosa wenzako hupanga wapi na kwa daladala ngapi?

Kama unategemea Bodi ya Mikopo, HESLB, kumbuka mkopo una mafungu yake: ada, chakula na malazi, vitabu, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo. Uliza fedha za PT kwa kawaida huwafikia wanafunzi kabla hawajaenda vituoni au baada. Jibu lake litakusaidia kujipanga, kwa sababu kupangiwa kituo Geita ukiwa huna hata nauli si mchezo.

Hatua ya 3: Maabara na karakana

Hii ndiyo kazi iliyokuleta. Tenga nusu ya siku yako hapa.

Mtafute fundi sanifu wa maabara. Huyu ndiye anayejua kila kitu, na wageni wengi humpita kama hawamwoni. Msalimie vizuri, "Fundi, shikamoo," jitambulishe, mwambie unafikiria kusoma kozi hii na ungependa kujifunza kwake. Watu hawa wanaipenda kazi yao, na ukiwaheshimu watakufungulia makabati.

Nichukulie mfano wa maabara ya ujenzi, kwa kuwa ndiyo naifahamu. Muombe akuonyeshe mashine ya kuvunjia kyubu za zege. Kyubu ya kawaida ina milimita 150 kila upande. Humwagwa kwenye moldi ya chuma, hukaa kwenye maji, halafu huvunjwa ikiwa na siku 7, na nyingine siku 28. Zege lililokusudiwa kufika nguvu ya nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba, kyubu yake inatakiwa ihimili takribani kilonyutoni 560 kabla ya kupasuka. Ikivunjika ipasavyo, pande nne zinabanduka na katikati kunabaki umbo la piramidi mbili zilizokutana vichwa. Mwanafunzi aliyeliona umbo hilo kwa macho yake halisahau, na siku akiwa saiti akaletewa kyubu iliyopasuka upande mmoja tu, atajua kuna kasoro kwenye kyubu au kwenye mashine, wala hataandika namba na kupita.

Basi muulize fundi: mara ya mwisho wanafunzi kuvunja kyubu hapa ilikuwa lini? Angalia kwenye beseni la kuhifadhia. Kuna kyubu ndani ya maji zenye tarehe na majina ya makundi yaliyoandikwa juu yake? Kuna mabaki ya zilizovunjwa nyuma ya jengo? Maabara inayofanya kazi ni chafu kidogo. Mashine inayong'aa, imefunikwa nailoni na ina vumbi juu ya nailoni, hiyo ni ya wageni.

Tazama stika ya kalibresheni. Kila mashine ya kupimia inatakiwa ionyeshe ilihakikiwa lini na lini itahakikiwa tena. Kama tarehe ilipita miaka mingi, vipimo vya hapo vinafundisha hatua za jaribio tu, majibu hayaaminiki. Uliza pia kama kuna daftari la matumizi ya mashine. Daftari lenye mwandiko wa watu tofauti, kalamu tofauti na tarehe za muhula huu litakueleza mengi kuliko tovuti ya chuo.

Halafu swali ninaloliona kubwa kuliko yote: kwenye jaribio moja, kundi lina wanafunzi wangapi? Wanne au watano, kila mmoja atashika. Wakifika kumi na tano, wawili watafanya, watatu watatazama, waliobaki watasubiri data kwenye WhatsApp. Nilishampokea kijana wa mwaka wa tatu, mwenye GPA nzuri tu, ambaye hakuwahi kushika koni ya kupimia slampu ya zege, yaani ulaini wake likiwa bado bichi. Alijua maelezo yake yote kwa kichwa. Tukamfundisha, akaelewa kwa asubuhi moja. Chuo kilikuwa na miaka mitatu ya kumpa asubuhi hiyo.

Kwa wa umeme, badilisha vitu: ulizia maabara ya mashine za umeme, uone mota na transfoma zilizounganishwa kwenye meza za majaribio, uulize osiloskopu, vifaa vya kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini, zilizo nzima ni ngapi kati ya zilizopo. Kwa wa mitambo, ingia karakana. Kwenye mashine za kukereza chuma tazama chini: kuna nyuzinyuzi za chuma kilichokerezwa? Uliza mwanafunzi huruhusiwa kuiendesha mwenyewe kuanzia mwaka wa ngapi. Kwa wa kompyuta na mekatroniki, uliza maabara hufungwa saa ngapi jioni, na umeme ukikatika kunakuwaje. Kuhusu programu kama AutoCAD ya kuchorea na MATLAB ya kukokotolea, uliza kama chuo kina leseni au kila mtu anajitafutia.

Kuna vyuo vyenye kitengo kinachofanya kazi za nje kwa malipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kina BICO chini ya Chuo cha Uhandisi na Teknolojia. Popote utakapokuta kitengo cha namna hiyo, uliza: wanafunzi wa shahada ya kwanza hushirikishwa, au ni kazi ya walimu peke yao? Kuona sampuli halisi ya udongo iliyoletwa na mkandarasi mwenye haraka ni somo ambalo halimo kwenye mtaala.

Hatua ya 4: Wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne

Wa mwaka wa kwanza bado wana furaha ya kuchaguliwa. Nenda kantini saa ya chakula cha mchana, tafuta waliobeba mirija ya michoro au laptop zenye stika nyingi, uombe kukaa nao. Mzazi, hapa mwache mtoto aende peke yake. Vijana hawatasema ukweli wote mbele yako.

Waulize: mlianza wangapi darasani na sasa mko wangapi? Somo gani mwaka wa kwanza linatoa sapu nyingi, yaani mitihani ya marudio, na mwalimu akishaona nusu ya darasa wamepata sapu hufanya nini? Kudisko (kuondolewa masomoni kwa kufeli) na kukeri (kwenda mwaka unaofuata ukiwa na somo ulilofeli) vipo kila chuo cha uhandisi, wala si dalili ya ubaya. Unachotafuta ni kama kuna msaada: vipindi vya mazoezi, mwalimu msaidizi anayepatikana, matokeo yanayotoka kwa wakati ili mtu ajiandae.

Kisha PT, na hapa wabane. Nani hutafuta nafasi, chuo au mwanafunzi? Mwalimu alikuja kukutembelea kituoni, au alipiga simu tu? Logbuku yako, daftari la kuandikia kazi za kila siku kituoni, nani aliisoma? Muombe mmoja akuonyeshe logbuku yake. Ikiwa kila ukurasa una sahihi ya msimamizi bila neno la kusahihisha, ujue hakuna aliyeisoma. Ikiwa kuna michoro iliyosahihishwa kwa kalamu nyekundu na swali pembeni, mwanafunzi huyo alifundishwa.

Mwisho, mradi wa mwaka wa nne: wanajenga kitu au wanaandika tu? Nani hulipia vifaa? Omba kuona mradi mmoja uliokamilika, hata kama haukufanya kazi vizuri. Muulize mwenyewe kwa nini haukufanya kazi. Akiweza kukueleza, chuo kimemfundisha.

Dada zangu, ongezeni haya: wasichana wako wangapi darasani, karakana ina choo na sehemu ya kubadilishia ovaroli, na maabara ikifungwa usiku njia ya kurudi hosteli ina taa? Waulize wasichana wenyewe, faraghani. Na kama matokeo yako ya sayansi ni ya juu sana, ulizia utaratibu wa Samia Scholarship, ufadhili wa serikali, kwa wavulana na wasichana.

Hatua ya 5: Mwalimu mmoja, maswali mawili

Huna haja ya kuonana na profesa. Mhadhiri mmoja wa kozi yako anatosha. Muulize mradi gani wa nje ya chuo aliufanyia kazi karibuni, na wahitimu wake wa mwaka jana wako wapi. La pili ndilo lenye uzito. Anayewafuatilia atataja kazi na sehemu bila kufikiri sana: mmoja yuko kwa mkandarasi wa barabara Singida, mwingine kiwandani, wawili bado wanatafuta. Jibu lenye "wawili bado wanatafuta" ndani yake liamini zaidi kuliko "wote wameajiriwa".

Hatua ya 6: Jioni ile ile

Andika kabla hujalala. Gawa ukurasa pande mbili: upande mmoja uliyoyaona kwa macho, upande wa pili uliyoambiwa. Fanya hivyo kwa kila chuo, iwe Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) au chuo binafsi. Ukifika wakati wa kupanga machaguo yako, linganisha pande za kwanza tu. Chuo chenye jina dogo kitaweza kukushangaza.

Kisha tafuta wahitimu wawili wa kozi hiyo ambao hukutambulishwa na chuo. Nenda kwenye saiti ya ujenzi, kiwandani au ofisi ya TANESCO iliyo karibu nawe, ulizia kwa adabu kama yupo aliyesoma pale. Muulize kitu gani alilazimika kujifunza upya alipoanza kazi. Atakuwa na orodha. Ipeleke kwa yule fundi sanifu, kwa simu kama alikupa namba, umuulize yapi kati ya hayo siku hizi yanafundishwa.