Mkwaruzo katika hedifoni za laptopu
Ukisikia mkwaruzo au mvumo kwenye hedifoni, kwanza chomoa chaja na uiache laptopu itumie betri. Kelele ikitoweka, chanzo kiko upande wa umeme, mara nyingi ni chaja yenyewe au soketi isiyo na waya wa ardhi (unaopeleka ardhini umeme uliovuja), jambo ambalo katika nyumba kongwe za Lamu linastahili kukaguliwa na fundi kwa kuwa linahusu pia usalama wa watu. Kelele ikibaki, zima laptopu na ufute plagi ya hedifoni kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, kwani hewa ya chumvi hushikisha vyuma kutu. Hilo lisipofaa, naona ni bora kununua kadi ya sauti ya USB, kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la USB na kuunganishia hedifoni, kuliko kuifungua mashine.