Somo: Kutafuta eneo la shamba la bei nafuu kwa familia yenye watoto wadogo

Ndugu wanachama, somo hili ni kwa ajili ya vijana wenye mtoto mmoja au wawili na akiba ndogo, wanaotaka kuhama mjini wakaishi kwenye shamba lao wenyewe, walime chakula chao na wafuge kidogo. Mfanyabiashara wa viwanja anaweza kuacha ardhi ikae miaka kumi bila maji. Ninyi mtahitaji maji ya kumwogeshea mtoto jioni ileile mtakayofika.

Sisi tulianza vibaya. Tulikwenda kuona shamba mvua zikiwa zimekolea, majani yamefika kiunoni na kijito kinasikika tangu barabarani. Bei ilikuwa chini kuliko mashamba yote tuliyoyaona, tukalipa. Miezi mitano baadaye kijito kilikuwa mawe matupu, na mke wangu, mjamzito wa miezi saba, alikuwa akibeba ndoo kilomita moja na nusu. Kila jirani alijua kwa nini shamba lile lilikuwa rahisi. Sisi hatukumuuliza hata mmoja.

Ndiyo maana nasema ardhi rahisi haikosi sababu, na kazi yako ni kuijua sababu hiyo kabla ya kutoa pesa. Zipo sababu zinazovumilika: ni mbali na lami, nyumba ni chakavu, kichaka kimemea, umeme haujafika, au kipande kina umbo ambalo trekta kubwa haligeuki vizuri. Hizo ni rafiki wa familia changa, maana nguvu na muda mnavyo. Zipo pia zisizovumilika: maji hukauka, mafuriko hupita, udongo una chumvi, au ndugu wa muuzaji wanagombania mipaka. Hizo usizichukue hata ukipunguziwa nusu ya bei.

Hatua ya 1: Gawa akiba kabla ya kufungua ramani

Kwa maoni yangu, ardhi isile zaidi ya nusu ya akiba yenu. Nusu inayobaki ni ya maji, paa, uzio, na chakula cha kununua hadi mavuno ya pili. Nasema ya pili kwa makusudi, kwa sababu mavuno ya kwanza kwenye udongo msioujua mara nyingi huwa ni ya kujifunzia.

Hatua ya 2: Pima umbali kwa dakika

Kilomita kumi za lami si sawa na kilomita kumi za udongo uliolowa. Chukueni eneo mnalolifikiria, msafiri kutoka hapo hadi kituo cha afya kinachopokea wagonjwa usiku, na mfanye hivyo siku ya mvua. Kama mnachukua zaidi ya saa moja, jiulizeni mtafanya nini mtoto akipata degedege saa nane usiku. Shule nayo mwifikirie kwa miguu ya mtoto wa miaka sita; kilomita tatu kwake ni karibu saa nzima, asubuhi na tena jioni.

Bei hushuka kadiri unavyoziacha lami na nguzo za umeme, lakini huduma hazipotei kwa kasi ileile. Kati ya hapo kuna ukanda ambako bei imeshashuka na zahanati bado inafikika. Tafuteni humo. Angalieni hasa vijiji ambako wazee wamebaki peke yao na watoto wao hawana nia ya kurudi kulima, lakini shule bado ina wanafunzi.

Hatua ya 3: Maji, na usiikimbilie hatua hii

Nendeni mwisho wa kiangazi. Fika kwenye kisima, funga jiwe kwenye kamba, lishushe mpaka liguse maji, ufunge fundo, kisha uliache lizame hadi chini. Sehemu ya kamba iliyolowa ndiyo kina cha maji yaliyopo katika siku mbaya kuliko zote za mwaka. Kisha muulize jirani, si muuzaji: kisima hiki kimewahi kukauka lini, na siku hizo watu walichota wapi?

Fanyeni na hesabu. Shirika la Afya Duniani linataja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku ili mahitaji ya msingi yatimie. Familia ya watu wanne kwa lita 50 ni lita 200 kwa siku, na hapo hujaweka bustani wala ng'ombe wa maziwa, ambaye peke yake anaweza kunywa lita 60 na zaidi.

Mvua nayo ina hesabu nyepesi: milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 60 mahali penye milimita 700 kwa mwaka hupokea lita 42,000. Toa sehemu ya tano inayopotea, unabaki na lita 33,600, yaani siku 168 za familia hiyo. Paa hilo peke yake halitoshi mwaka mzima, ila linawaokoa kwa miezi mitano na zaidi mkiwa na pa kuyahifadhia. Kiangazi cha siku 120 kinadai tangi la lita 24,000.

Geukeni pia mwangalie ziada ya maji. Kwenye mashina ya miti ya bondeni tafuteni mstari wa tope mkavu, au takataka zilizonasa matawini. Hapo ndipo mafuriko hufika, hata kama muuzaji anasema hayafiki.

Hatua ya 4: Udongo ndani ya chupa

Chimba hadi sentimita 30 sehemu tatu au nne, jaza udongo hadi theluthi ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, kisha iache itulie. Mchanga hukaa chini ndani ya dakika moja hivi. Vumbi laini hufuata kwa saa kadhaa. Mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi, na maji ya juu hubaki na ukungu. Sasa unaona matabaka kwa macho yako: mchanga mtupu hautashika maji wala mbolea, na mfinyanzi mtupu utatuamisha maji na kupasuka ukikauka. Udongo wa katikati ndio tunaoutaka, lakini hata ule wa pembeni huboreka kwa mboji ya miaka mitatu minne. Udongo wenye kina cha kiganja juu ya mwamba hauboreki kwa lolote, kwa hiyo jembe liingie hadi chini kabla hujasema ndiyo.

Hatua ya 5: Karatasi na njia

Nenda masjala ya ardhi mwenyewe uhakikishe jina lililo kwenye hati ni la anayekuuzia, na kwamba shamba halijawekwa rehani. Tembeeni mpaka wote kwa miguu pamoja na majirani wa pande zote. Na njia ya kuingia: kama inapita kwenye ardhi ya mtu mwingine, haki ya kupita iandikwe na kusajiliwa. Ruhusa ya mdomo huondoka na aliyeitoa.

Hatua ya 6: Kodini kwanza

Mkiweza, pangeni nyumba eneo hilo kwa miezi sita, mpate mwisho wa kiangazi na mwanzo wa mvua. Mashamba mazuri hayatangazwi. Huuzwa kwa anayejulikana.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, ekari ngapi zinatosha?*

Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Mkiwa na mtoto mchanga, anayelima kweli ni mmoja, na robo ekari ya mboga itazimaliza siku zake zote. Ekari moja au mbili zenye maji nazipenda kuliko kumi kavu. Mifugo ni hesabu nyingine kabisa, inategemea malisho ya hapo.

*Dalali anasema kuna mteja mwingine analipa kesho. Nifanyeje?*

Mwache alipe, ndugu yangu. Haraka hiyo inakunyima ile siku moja ya kwenda masjala.

*Mume wangu ameshaamua, lakini mimi naogopa upweke na watoto shambani.*

Dada, hofu yako ni kipimo kama kile cha kisima, na asiipuuze. Nendeni eneo hilo, wewe ukae na akina mama wa hapo bila yeye kuwepo. Waulize wanajifungulia wapi, nani huwashikia watoto, njia hufungwa siku ngapi kwa mwaka. Usipopata hata nyumba mbili ambazo ungeweza kubisha hodi usiku, eneo hilo bado halijawafaa, hata udongo wake ukiwa mzuri namna gani.

*Shamba tulilolipata liko bondeni, na mlimani kuna jingine la bei sawa. Tuchague lipi?*

Kila mita 100 unazopanda, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Lakini kwenye nchi ya baridi, usiku hewa baridi, ambayo ni nzito, hutiririka na kutuama bondeni, na jalidi, yaani umande ulioganda, huua miche huko kwanza. Kama mteremko si mkali, mimi ningejenga katikati.

*Kisima kipo karibu na zizi la zamani. Tukichemsha maji, si yatakuwa salama kwa mtoto wa miezi mitatu?*

Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi naitreti, kemikali inayotoka kwenye samadi na mbolea. Maji yakipungua kwa mvuke, naitreti huzidi kukolea. Kwa watoto wa chini ya miezi sita ni hatari, kwa sababu huizuia damu kubeba oksijeni. Peleka sampuli maabara. Naitreti isizidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 50 kwa lita. Kama mtoto anatumia maziwa ya kopo, myachanganye kwa maji ya chanzo kingine kilichopimwa mpaka majibu yarudi. Choo na zizi jipya viwe upande wa chini wa mteremko, angalau mita 30 kutoka kisimani.