Jinsi ya kudai gemu za diski zisiondolewe sokoni: mwongozo kutoka Katuba, Lubumbashi

Ninaendesha ukumbi wa gemu katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, na riziki yangu inategemea kitu kinachozidi kuadimika: diski yenye gemu nzima ndani yake. Diski moja ya mpira ikifika kwangu huchezwa na vijana wa mtaa mzima, kisha huazimwa, hubadilishwa kwa nyingine, na mwishowe huuzwa kwa mtu wa Kamalondo au wa Ruashi ambaye asingeweza kuinunua ilipokuwa mpya. Gemu ya kupakua haina safari hiyo. Imefungwa kwenye akaunti ya mtu mmoja, haiazimwi wala hairithiwi, na siku akaunti ikifungiwa, aliyelipa anabaki na risiti tu. Tena kuna hesabu ya intaneti: gemu ya gigabaiti 100, kwa mtandao wa megabiti 5 kwa sekunde, inahitaji zaidi ya saa 44 za kupakua bila kukatika, na sijui ni mtaa gani wa Lubumbashi unaopata umeme saa 44 mfululizo.

Mwongozo huu ni wa wale wanaotaka kudai kwa namna inayoleta jibu. Madai mengi ya vijana wetu huishia kwenye matusi chini ya video, ilhali madai yaliyowahi kushinda yalitaja uamuzi mmoja unaoweza kutenguliwa, na yakamfikia mwenye uwezo wa kuutengua. Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza kwamba Xbox One italazimika kuunganishwa na intaneti angalau mara moja kila saa 24, na kwamba kuazimana na kuuziana diski zilizotumika kutawekewa masharti. Wachezaji wakakataa mambo hayo mawili kwa majina yake, na tarehe 19 Juni kampuni ikayaondoa kabla mashine haijafika sokoni. Machi 2021 Sony ilitangaza kufunga maduka ya mtandaoni ya mashine zake za PlayStation, PS3 na PS Vita, na Aprili ikakiri kwamba ilikosea na kuyaacha wazi. Mei 2024 sharti la kuwa na akaunti ya PlayStation kwa wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta lilifutwa ndani ya siku chache. Hata hivyo, gemu hiyo ilikuwa imeshaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 ambako mtandao wa PlayStation hautolewi rasmi, Congo ikiwa mojawapo, na haikurudishwa mara moja. Walioshinda siku ile walikuwa wengi, lakini sisi tulibaki nje, na ndiyo sababu nasisitiza kwamba sauti ya Lubumbashi iandikwe na watu wa Lubumbashi wenyewe.

Hatua ya kwanza: jua kilichopungua

Usianze kulalamika kwamba "diski zinakufa". Shika kisanduku mkononi ukisome. Kuna diski yenye gemu nzima. Kuna diski yenye sehemu tu ya gemu, ambayo haifunguki mpaka upakue kilichobaki. Kuna kadi ya ufunguo, kama zile zilizokuja na Nintendo Switch 2 mnamo Juni 2025, ambayo ndani yake hamna gemu bali ruhusa ya kuipakua, na jambo hilo limeandikwa sehemu ya chini ya uso wa kisanduku. Kuna kisanduku chenye karatasi ya namba za siri pekee. Na kuna gemu zisizo na kisanduku kabisa, kama eFootball, ambayo Konami iliileta mwaka 2021 mahali pa PES (Pro Evolution Soccer), gemu ya mpira iliyolisha kumbi zetu kwa miaka mingi.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua kisanduku kipya katika duka moja la mjini, nikakifungua mbele ya vijana waliokuwa wakisubiri, na ndani nikakuta karatasi ndogo yenye tarakimu kumi na mbili. Tarakimu hizo zilikataliwa, kwa kuwa zilikuwa za eneo lingine tofauti na lile la akaunti yangu. Kisanduku hicho bado kiko juu ya rafu, na kila anayetaka kujiunga na madai yetu nampa akishike kwanza, akitikise asikie kwamba ndani hamna kitu.

Tazama pia mashine yenyewe. Xbox Series S haina mahali pa kuingizia diski tangu ilipotoka mwaka 2020, na PS5 Pro ya mwaka 2024 inauzwa bila kisomea diski. Ukikinunua kando, utahitaji intaneti kukisajili siku ya kukifunga. Madai dhidi ya mashine na madai dhidi ya gemu ni mambo mawili, na hayaingii katika barua moja.

Hatua ya pili: pima diski, uweke ushahidi

Hapa ndipo nakuomba utulie, kwa maana barua isiyo na ushahidi hujibiwa kwa maneno ya heshima na hakuna zaidi. Chukua diski halisi, uifute kwa kitambaa laini cha pamba ukitoka katikati kwenda ukingoni, kamwe usizungushe, kwa sababu vumbi jekundu la kiangazi chetu huchora mistari ya duara ambayo mashine inashindwa kuiruka. Kwenye PS4 au PS5, ingia kwenye mipangilio ya mtandao na uzime muunganisho wa intaneti. Kama gemu ilishawekwa, ifute. Kumbukumbu za mchezo wako huhifadhiwa kando na hazitapotea. Kisha ingiza diski, uiache ijisakinishe yenyewe, nawe uandike saa ilipoanza na ilipomaliza.

Ikishafunguka, cheza saa nzima. Kwa gemu ya mpira, cheza mechi kamili ya watu wawili, kisha ujaribu kila mlango wa menyu na uandike ni upi unaokataa kwa kudai seva, yaani kompyuta za kampuni zinazoendesha gemu kupitia intaneti. Rudi kwenye orodha ya gemu, bonyeza kitufe cha OPTIONS, ufungue taarifa za gemu, upige picha ya namba ya toleo. Ikiwa ni ya mwanzo, kama 1.00, na umecheza bila kukwama, una gemu ambayo mjukuu wako ataweza kuicheza. Mwisho piga picha ya kisanduku na ya diski, penye namba inayoanza na CUSA kwa PS4 au PPSA kwa PS5, kwa kuwa gemu moja huweza kutoka na diski tofauti katika maeneo tofauti, na usipotaja namba utaambiwa tatizo ni la nakala nyingine.

Sina budi kusema jambo ambalo wenye kumbi wenzangu hawapendi kulisikia. Mashine nyingi za mjini mwetu zimefunguliwa kinga zake ili zicheze nakala za kuchoma, yaani gemu zilizonakiliwa bila ruhusa, na ninajua sababu zake, kwani mshahara wa hapa na bei ya gemu havikutani. Lakini usiweke nakala ya kuchoma ndani ya ushahidi hata mara moja. Picha moja tu ikionyesha diski iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, barua yote inageuka kuwa ya wezi, na waliosaini kwa diski walizonunua kwa jasho wanaaibika pamoja nawe.

Hatua ya tatu: mjue wa kuandikiwa

Mtengenezaji huandika gemu, lakini mara nyingi mchapishaji ndiye anayeamua kama diski zitachapwa. Alan Wake 2 ilitengenezwa na Remedy, ikachapishwa na Epic Games, ikatoka Oktoba 2023 kwa kupakua tu. Baada ya wachezaji kuendelea kuomba kwa mwaka mzima, toleo la diski lilitoka Oktoba 2024. Jina la mchapishaji limeandikwa kwenye kisanduku na katika sekunde za mwanzo gemu inapofunguka. Ikiwa kilio chako ni mashine isiyo na kisomea diski, mwandikie mwenye mashine. Ikiwa ni duka lililokuuzia karatasi badala ya diski, anza na mwenye duka, tena ana kwa ana, kwa salamu na kwa utulivu, kwa sababu mara nyingi naye aliletewa hivyo.

Hatua ya nne: andika ombi moja

Barua isizidi ukurasa mmoja. Iandikeni kwanza kwa Kiswahili, mkikaa pamoja, ili kila anayesaini ajue anachosaini. Kisha mwalimu wa mtaa awatafsirie kwa Kifaransa na Kiingereza. Yetu ilianza hivi:

"Waheshimiwa, sisi tuliosaini hapa chini ni wachezaji na wenye kumbi za gemu wa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Tunaomba gemu yenu iliyotajwa hapo juu itolewe katika diski iliyo na gemu nzima, inayoweza kusakinishwa na kuchezwa na watu wawili bila intaneti. Tunaambatisha matokeo ya majaribio yetu, tarehe zake, na idadi ya wateja waliotaka diski wakaikosa. Tunaomba jibu la ndiyo au hapana, na ikiwa ni hapana, sababu yake."

Neno "bila intaneti" lisikose. Ubisoft iliuza gemu ya The Crew, isiyochezeka bila intaneti, kwa diski mwaka 2014, na seva zilipozimwa tarehe 31 Machi 2024, wenye diski na waliopakua walikosa wote kwa pamoja. Anayedai diski pekee anaweza kupewa plastiki.

Andika mji wako wa kweli. Wengi wetu tumefungua akaunti kwa jina la nchi nyingine ili tuweze kununua, na hilo huwafanya waogope kutaja Lubumbashi. Huna haja ya kutaja akaunti katika barua ya kuomba diski. Taja ulikonunulia na namba ya kisanduku.

Hatua ya tano: daftari la dukani

Kama una nguvu ya kufanya jambo moja tu kati ya yote niliyoandika, fanya hili. Kampuni iliyo mbali haijui kwamba kuna mtu Lubumbashi aliyetaka kununua akashindwa, kwa sababu mauzo yasiyofanyika hayaandikwi popote. Sisi tuliamua kuyaandika.

Tulinunua madaftari ya mistari, tukayapeleka kwa wauza gemu, mmoja karibu na soko la komini yetu ya Kenya, mwingine katikati ya mji, na wengine wanaoleta mizigo kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kila ukurasa una safu tano: tarehe, jina la gemu, mashine, alichotaka mteja, na alichofanya alipokosa. Jina la mteja haliandikwi, wala namba yake ya simu. Ukurasa mmoja ulio mbele yangu sasa una mistari kumi na tisa, na katika mistari kumi na mmoja safu ya mwisho inasema neno lilelile, "aliondoka". Mwenye duka ni mama mmoja mwenye mwandiko mzuri. Alikuwa hana haja na gemu, lakini alipojumlisha mistari ile akaona fedha zilizotoka mlangoni mwake, yeye mwenyewe ndiye aliyempigia simu anayemletea mzigo.

Hilo ndilo linaloifanya njia hii iwe na uzito. Mwagizaji husikiliza muuzaji kuliko anavyomsikiliza mchezaji, na msambazaji wa Afrika Kusini au wa Dubai husikiliza mwagizaji. Mwombe kila muuzaji apige muhuri wake chini ya jumla ya mwezi. Na wewe uwe mnunuzi wa kweli: gemu yenye diski nzima ikifika, nunueni mapema, hata kwa kuchanga watu wanne, kwa maana daftari linalodai diski ambazo hakuna anayezinunua litatuaibisha sote.

Hatua ya sita: wenzetu walio nje

Ombi la wananchi wa Ulaya lililotokana na kampeni ya Stop Killing Games, inayodai gemu zilizouzwa zibaki zikichezeka hata kampuni ikiacha kuzihudumia, na iliyoanzishwa na Ross Scott mwaka 2024, lilifungwa tarehe 31 Julai 2025 likiwa na saini zaidi ya milioni moja, idadi iliyotakiwa. Saini zake zilikuwa za raia wa Umoja wa Ulaya tu. Kama kutatokea ombi lingine la namna hiyo, usijaze jina la uongo kwa kusukumwa na hamu. Saini hukaguliwa, na za uongo hufutwa na kuwapa wapinzani la kusema. Mwandikie yaya yako, yaani kaka au dada yako mkubwa, aliye Brussels, kama amepata uraia wa huko, umwombe aongee na mbunge wake wa Ulaya, na umpelekee nakala ya barua yenu.

Kutoka Marekani tuna cha kuazima: tangu tarehe 1 Januari 2025 sheria ya California inamtaka anayeuza bidhaa za kidijitali amweleze mteja wazi kwamba anapewa leseni tu, ikiwa uuzaji unaitwa "kununua". Waombe wauzaji wa hapa wabandike maneno kama hayo kwa Kiswahili na Kifaransa kwenye visanduku vya karatasi: "Ndani hamna diski." Wawili wamekubali, nasi tukawachapia vibandiko.

Ukiandika maoni mtandaoni, andika kuhusu gemu uliyoilipia, taja ombi lilelile lililo katika barua, na usimguse mfanyakazi yeyote kwa jina. Kijana anayejibu ujumbe wa wateja hakuamua lolote kuhusu diski.

Baada ya kutuma, hesabu siku thelathini. Jibu lisipokuja, tuma barua ileile, ukiongeza jumla ya daftari ya mwezi uliofuata na tarehe ya barua ya kwanza. Likija jibu la kukataa lenye sababu, liwekeni hadharani lote bila kulikata, kisha mjibu sababu hiyo peke yake. Madaftari tunayakusanya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, saa nane mchana, ukumbini kwangu. Nakala moja inabaki kwa muuzaji, moja kwa mwagizaji, na ya tatu inaingia kwenye bahasha pamoja na picha za majaribio.