Kumchagulia mtoto kundi la besiboli linalolingana na umri wake

Kabla ya kuandikisha mtoto, tafuta kwanza cheti chake cha kuzaliwa kilichotolewa na NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili ya Uganda. Mwaka 2011 timu ya watoto ya Kampala ilifuzu kwenda Marekani kwenye mashindano ya dunia ya Little League, shirika la besiboli ya watoto, ikanyimwa viza kwa sababu kumbukumbu za umri hazikupatana. Ni timu ya Lugazi, pia ya Uganda, iliyofika Williamsport, mji wa mashindano hayo, mwaka uliofuata, ikiwa ya kwanza kutoka Afrika.

Katika mfumo wa Little League, umri wa mchezaji ni ule atakaokuwa nao tarehe 31 Agosti ya mwaka wa msimu. Hivyo, katika msimu wa 2026, aliyezaliwa 25 Agosti 2013 anahesabiwa kuwa na miaka 13, ilhali aliyezaliwa 5 Septemba mwaka huohuo bado ni wa miaka 12.

Wenye miaka 4 hadi 7 hupiga mpira uliowekwa juu ya kijiti. Kundi kuu ni la miaka 9 hadi 12, ambapo vituo ambavyo wachezaji hukimbilia vimeachana takriban mita 18. La miaka 12 hadi 14 huchezea uwanja ambao vituo vimeachana takriban mita 27, umbali wa watu wazima.

Umri wa mtoto unapoangukia makundi mawili, mtazame mtoto akirusha: ikiwa mpira unadunda kabla ya kumfikia mwenzake kwenye kituo cha kwanza, mwache kundi la chini kwa msimu mmoja, hata kama ni mrefu. Urefu, kwa maoni yangu, hudanganya wazazi wengi.