Hedseti ya VR na PC yako: weka haya sawa kabla hujaivaa

Wadau wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaoniuliza kuhusu VR (unavaa skrini machoni unajiona uko ndani ya gemu) wengi wanaanza na swali moja, intaneti ya huku kwetu itaiweza? Swali zuri, nitalijibu, ila la kwanza ni PC yako ina kadi gani ya picha. Kwenye VR ya PC kompyuta ndo inachora kila kitu, tena inachora picha mbili, ya jicho la kulia na ya la kushoto, mara 72 au 90 kwa sekunde moja, na ikichelewa kidogo tu kichwa kinajua. Gemu ya Half-Life: Alyx ya kampuni ya Valve iliyotoka 2020 inataka angalau kadi ya GTX 1060 ya GB 6 na RAM GB 12, hapo ni chini kabisa, mimi nakushauri uanzie RTX 2060 kwenda juu na RAM GB 16. Kama una laptopu ya kazi isiyo na kadi yake ya picha (GPU), hela ya kwanza ipeleke huko, hedseti itasubiri.

Kwa hedseti, Meta Quest 2, 3 na 3S ndo rahisi kuanza nazo, kamera za kufuatilia mikono zipo humohumo kwenye hedseti, hufungi vifaa ukutani kama Valve Index, alafu siku umeme haupo unacheza gemu zake za ndani bila PC. Ukinunua used kuwa makini sana na zile za Windows Mixed Reality (mfumo wa VR wa Microsoft) kama HP Reverb G2, Samsung Odyssey au Lenovo Explorer. Bei inavutia kweli, lakini Microsoft waliiondoa Windows Mixed Reality kwenye Windows 11 toleo la 24H2, kwa hiyo PC ikishajisasisha unaweza kubaki na pambo la kabatini. Na yoyote utakayonunua ivae palepale kabla hujatoa hela, fungua ukurasa mweupe uangalie kama kuna madoa au vidoti vya njano, ukiviona ujue imeunguzwa na jua na hakuna fundi wa kukusaidia. Hakikisha pia muuzaji ameifuta na kutoa akaunti yake.

Sasa intaneti. Ukicheza bila waya, kwa programu kama Air Link, Steam Link au Virtual Desktop, picha inatoka PC inaenda kwenye ruta inaenda kwenye hedseti, yote humo ndani kwako, haili bando. Bando linaliwa kwenye kuingia akaunti, masasisho na kushusha gemu. Kinachotakiwa ni ruta yenye wifi ya 5GHz, ikae chumba hichohicho unachochezea, na PC iunganishwe kwenye ruta kwa waya wa LAN, sio kwa wifi, hapo wengi ndo wanakosea alafu wanalaumu hedseti. Kushusha gemu ndo mtihani, Alyx peke yake inataka nafasi ya GB 67. Mimi nasubiri bando la usiku, au kama rafiki anayo gemu hiyohiyo na wewe umeshainunua, nakili folda yake kutoka steamapps/common ya Steam (duka la gemu za PC) hadi kwenye disk ya nje, iweke sehemu ileile kwenye PC yako alafu bonyeza instoli, Steam itayakuta mafaili, itayakagua na kushusha yaliyopungua tu.

Ukiamua kutumia waya kati ya hedseti na PC, nunua USB-C ya USB 3 ndefu kama mita 5. Mimi niliuziwa waya nikaambiwa ni USB 3, picha ikawa inajaa vibox vibox kila nikigeuza shingo, nikahangaika na drayva wiki nzima kumbe ni waya wa kuchajia simu.

Kitu ambacho watu wanakiruka na mimi nakipenda sana ni umbali kati ya mboni za macho, unaitwa IPD. Simama kwenye kioo karibu kabisa, kama sentimita 20, weka rula juu ya pua, fumba jicho la kulia, panga sifuri iwe katikati ya mboni ya kushoto, alafu usitikise kichwa, fumba la kushoto fumbua la kulia, soma milimita zilizoangukia katikati ya mboni. Rudia mara tatu. Quest 2 ina nafasi tatu tu, 58, 63 na 68, chagua iliyo karibu na namba yako, Quest 3 ina gurudumu unazungusha mpaka ikae. Bro wangu mkubwa alisema VR inamuumiza kichwa, hataki tena, nikampima nikakuta 67 na hedseti iko kwenye 58. Tuliibadilisha akakaa nusu saa bila kulalamika.

Chumba: toa meza ya kati na stuli, pata mita 2 kwa 2, chora mpaka wa kuchezea kwenye hedseti na uuache mkono mmoja kutoka kabati la vyombo. Taa iwake, kamera hazioni vizuri gizani, na kioo kikubwa cha dressing table kifunike na khanga maana kinazichanganya.

Kuhusu kichefuchefu, umewahi kushuka mlima Kitonga kwenye basi huku unasoma simu? Macho yanasema umetulia, masikio ya ndani yanasema unayumba, tumbo linakataa. VR ni hivyohivyo kwa kugeuza, macho yanatembea na mwili umesimama. Anza na gemu unazosimama sehemu moja kama Beat Saber, au zenye kuruka kutoka sehemu hadi sehemu badala ya kutembea kwa stiki, dakika 15 tu kwa siku. Ukisikia jasho jembamba au mate yanajaa vua hapohapo, usijikaze, ukijikaza mwili unaizoea kama adui na kesho utaumwa mapema zaidi. GPU ikiwa inahema shusha ubora wa picha, 72 iliyotulia ni bora kuliko 90 inayokatakata.

Umeme ukikatika katikati ya gemu fumba macho kwanza ndo uvue. PC na ruta ziweke kwenye UPS (betri ya akiba), umeme ukirudi kwa kishindo usiunguze kitu.

Na Juni Julai huku Mbeya lenzi zinaota ukungu kama kioo cha daladala ya Uyole asubuhi. Washa hedseti dakika kumi kabla ipate joto, paki kwenye paji la uso kidogo, ndo uishushe. Ukifuta tumia kitambaa kikavu cha miwani, spiriti hapana kabisa. Ukimaliza irudishe kwenye mfuko wake na usiiache dirishani lenzi zikitazama nje hata kama kuna baridi, jua la saa nne likipenya kwenye lenzi linaunguza skrini kwa dakika chache tu.